Pawa Saplai Nzito ya Shemasi Nyangate

Nianze na mkono wa baba yangu, maana huo mkono ndio ulioniponza. Suneka nzima, kule kwetu Kisii, iliujua. Mkono wa kulia, mpana, wenye kovu la chuma cha kulehemu kwenye kidole gumba. Ukimletea redio hakuiwasha kwanza. Aliiweka kiganjani, akafumba macho, akaipandisha na kuishusha mara mbili kama mama anayepima kabeji sokoni, halafu akatoa hukumu: "Hii ina kitu ndani," au, "Hii ni boksi tu, rafiki yangu, walikuuzia boksi." Na hakuwa akikosea, hilo nitamwachia. Bado yu hai, na kama mtu atamsomea haya, sawa, asomewe.

Sisi Wagusii baba tunamwita tata, nami sina jina lingine la kumwita pamoja na hasira yangu yote. Wengine walimwita Fundi Anyona. Ufundi wake aliupata Kericho kwa kalasinga mmoja, Muhindi wa kilemba, akarudi nyumbani akafungua kibanda cha mabati pale Suneka, akakaa hapo miaka ishirini na kitu. Siku zile kila chombo cha umeme kilikuwa na transfoma ndani, chuma kizito kilichozungushiwa waya wa shaba. Mtu akitaka kuiba aliiba shaba, na shaba ikipungua uzito nao unapungua. Basi tata akawafundisha watu neno moja: kitu kizito hakidanganyi. Mama akinunua pasi, anaipima kwanza. Kijana akinunua tochi, anaipima. Ungemsikia mtu akimwambia mwenzake dukani, "Wewe, hebu ipime kwa mkono wa Anyona kabla hujatoa pesa." Mimi nikisikia hivyo nilikuwa navimba kwa fahari.

Kazi yangu nilipokuwa mdogo ilikuwa kumshikia uzi. Zile redio za zamani zilikuwa na mshale mwekundu uliotembea kwenye kioo ukitafuta stesheni, na mshale huo ulivutwa na uzi mwembamba uliopitishwa kwenye vigurudumu. Uzi ukikatika, tata alikata mwingine, akaupaka nta ya mshumaa, mimi nikashika ncha moja na yeye akafunga fundo lake. Mizunguko miwili, kisha mkia unarudishwa chini ya mzunguko wa kwanza na kukatwa kwa meno. Sijaona fundi mwingine akifunga hivyo. Nilishika uzi huo tangu darasa la pili mpaka nilipoolewa.

Fundisho lake la pili lilikuwa kuhusu Wahindi. "Muhindi atakuuzia upepo ndani ya boksi zuri," alikuwa akisema. "Nunua kwa mtu wenu. Mtu wenu akikudanganya, boma lake unalijua, unajua pa kumfuata." Ati alisema hivyo mtu aliyefundishwa kazi na kalasinga! Lakini mtoto hamuulizi babake maswali kama hayo. Nilimeza fundisho lote, la uzito na la Muhindi, nikakua nalo.

Halafu ikaja miaka ya tisini, na redio ndogo za Dubai zikamwagika sokoni kama mahindi. Zikiharibika hazitengenezwi, zinatupwa. Mwaka wa tisini na sita, kuanzia Januari hadi Pasaka, niliona redio tatu tu kwenye benchi la tata. Alikaa pale na bisibisi yake ya kupimia umeme kwenye mfuko wa shati, akisalimia wapita njia. Iliniuma sana. Kwa hiyo mwaka wa tisini na nane aliponiambia kuwa amepata kazi kwa Nyangate, kazi ya kufungafunga vitu vya umeme kabla havijaenda dukani, nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nyangate alikuwa shemasi wa kanisa letu la Sabato na alikuwa na duka la vifaa pale mjini Kisii, karibu na steji ya matatu. Sikuuliza ni vitu gani vilikuwa vikifungwa.

Sasa nijiseme mimi. Naitwa Tryphosa. Nilipiga taipu miaka minane kwenye ofisi ya wakili mjini, nikichapa viapo vya watu waliogombania mipaka ya mashamba, hadi vidole vikawa vinachapa nikiwa usingizini. Nikaenda Nairobi miezi mitatu kujifunza kompyuta, na shirika moja la wafadhili lilipofunga ofisi nikanunua mashine yao moja. Nikapanga chumba ghorofani, nikaandika mlangoni CHUO CHA KOMPYUTA. Chuo chenyewe kilikuwa mashine moja, mabenchi matatu na wasichana kumi na wanne. Cheka ukitaka. Hao wasichana waliingia hawajui hata mahali pa kuwashia, na kufikia katikati ya mwaka wa tisini na tisa walikuwa wanachapa barua ya kazi bila kuangalia vidole.

Walichokosa ni mtihani. Cheti changu mimi kingekuwa karatasi ya kufungia maandazi, mwajiri alitaka cheti cha bodi ya mitihani, na kituo cha karibu cha bodi hiyo kilikuwa Kisumu. Niliwaandikia mara nne nikiomba chumba changu kiwe kituo. Hatimaye wakajibu kwamba mashine moja itatosha, watahiniwa wakiingia mmoja mmoja kwa zamu, mradi tu msimamizi awe na skrini yake mwenyewe ya kutazama kazi bila kumsimamia mtahiniwa mabegani. Mkaguzi angekuja Jumatatu fulani ya mwezi wa tisa. Akikuta skrini mbili zinafanya kazi, tutafanyia mtihani Kisii. Akikosa, basi.

Kati ya wale kumi na wanne alikuwepo mmoja, Nyakerario, wa Nyaramba. Alikuwa na miaka ishirini na mtoto wa miezi mitano ambaye babake alikuwa ameshayeyuka. Kila asubuhi alimwacha mtoto kwa shangazi yake aliyeishi Nyanchwa, akaja darasani, saa nne akatoka mbio kwenda kumnyonyesha, akarudi jasho likimtiririka. Wengine wangejikokota hadi Kisumu ikibidi. Yeye hangeweza. Mtihani ulikuwa siku tatu, na mamake alikuwa ameshamwambia kwamba akivuka Nyamira na Kisii kwenda kulala Kisumu na mtoto mgongoni, asirudi nyumbani. Aliniambia, "Mwalimu, mimi kama si hapa, ni chai." Alimaanisha kuchuma majani chai kwenye kishamba cha mamake mpaka azeeke.

Kwa hiyo nikanunua skrini nyingine kuukuu, na kadi ya pili ya picha. Kompyuta inahitaji kadi ili ipeleke picha kwenye skrini, na skrini mbili zilitaka kadi mbili. Niliichomeka mwenyewe nikifuata kitabu. Mashine ikawaka, skrini zote mbili zikaonyesha picha, wasichana wakapiga vigelegele, na baada ya dakika tatu kila kitu kikazima. Nikawasha tena, ikazima tena. Kitabu kilisema pawa saplai haitoshi. Hiyo ni ile boksi ya chuma yenye feni ndani ya mashine, inayopokea umeme wa ukutani na kuugawa. Iliyokuwepo ilizoea kulisha kadi moja. Nilihitaji nyingine, na mkaguzi alikuwa amebakiza siku sita.

Ungedhani ningeenda kwa tata. Sikwenda. Tulikuwa tumekwaruzana juu ya hiyo kompyuta, aliiita televisheni isiyo na habari, akasema ninawafundisha watoto wa watu kutazama kioo. Basi nikajiambia nitachagua mwenyewe, kwa mkono alionifundisha yeye mwenyewe, na siku ya mkaguzi nitamwita aje aone. Kiburi hicho nilikuwa nacho, sikifichi.

Nilianzia kwa Haresh, Muhindi muuza kompyuta, kwa sababu duka lake lilikuwa chini ya ngazi yangu. Haresh alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini mjuzi wa mashine alikuwa mkewe, Kusum, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Aliniuliza kabla sijamaliza kusema.

"Mwalimu, kadi ngapi iko ndani?"

"Mbili."

"Zote mbili za picha?"

"Zote."

Akainama chini ya kaunta, akatoa boksi, akatoa pawa saplai, akaigeuza upande wenye karatasi ya maandishi. "Watu wote nasoma hii namba kubwa, ya wati," alisema. "Namba kubwa mtu yoyote naweza kuandika. Wewe soma hii ndogo. Volti tatu nukta tatu, ampea kumi na nne. Kadi zako nakula hapa. Ile yako ya zamani hapa iko na sita tu, ndiyo maana nazima."

Nikaichukua. Nikaiweka kiganjani, nikafumba macho, nikaipandisha na kuishusha mara mbili. Ilikuwa nyepesi! Nyepesi kiasi kwamba niliona haya kuishika.

"Mbona haina kitu?" nikauliza.

Haresh akacheka. "Aa, mama, hii si redio ya mzee. Ndani hakuna ile transfoma kubwa. Siku hizi kazi nafanywa na vitu vidogo vidogo."

"Uzito si umeme," Kusum akasema. "Kama huamini, leta mashine hapa chini. Natia hii, nawasha na kadi zote mbili, nakaa saa nzima. Ikizima, unaondoka na pesa yako."

Sikilizeni hiyo. Mtu alinipa saa nzima ya kujaribu, bure, hatua kumi na tano kutoka mlangoni kwangu. Na mimi nilimtazama yule mama na miwani yake nikasikia sauti ya tata: upepo ndani ya boksi zuri. Nikawaambia nitafikiria. Kusum aliniandikia zile namba kwenye kikaratasi, akasema popote nitakaponunua nihakikishe zipo.

Nikaenda kwa Nyangate. Alinipokea vizuri, "Karibu dada Tryphosa, habari ya nyumbani, mzee hajambo?" Nikamwambia ninachotaka na kwa nini, nikamwambia hata siku ya mkaguzi. Akatoa pawa saplai yake, kubwa, imeandikwa 300 kwa wino mwekundu. Nikatafuta zile namba ndogo za Kusum. Hazikuwepo. Niliona hazipo, nasema hivi ili msidhani nilikuwa kipofu. Lakini Nyangate akanipa mkononi, akaniangalia usoni, akasema, "Ipime mwenyewe. Wewe si mtoto wa Anyona?"

Ee, ilikuwa na uzito! Mkono ulishuka kidogo nilipoipokea, na moyo nao ukatulia. Kile kikaratasi cha Kusum nilikikunja nikakitupa kwenye mtaro hapo hapo nje ya duka.

Nilimaliza kuifunga Ijumaa mchana. Mashine ikawaka, skrini zote mbili zikakaa nusu saa bila kuzima, jua likaanza kushuka nikazima mwenyewe, maana sisi wa Sabato Ijumaa jioni kazi inalala. Jumamosi tulikuwa kanisani. Nyangate alipita na sahani ya sadaka, akanitabasamia. Jumapili asubuhi umeme ukapotea mjini mpaka usiku. Kwa hiyo mashine ile ilifika mbele ya mkaguzi ikiwa na nusu saa ya maisha, na mimi nilikuwa nimetulia kabisa kwa sababu ilikuwa nzito.

Jumatatu saa tatu mkaguzi akafika, Bwana Okemwa, mtu mpole mwenye mkoba wa ngozi. Tata naye alikuja. Nilikuwa nimemtumia salamu tu kwamba nina mgeni wa serikali, na akaja amevaa koti lake la harusi za watu, bisibisi mfukoni. Nikamweka kwenye benchi la mbele. Wasichana walikuwa wamesuka nywele upya, wote kumi na wanne. Mkaguzi akaketi kwenye skrini ya pili, akasema atataka kuona mwanafunzi mmoja akifanya mtihani wa mfano, saa nzima, kama siku yenyewe. Nikamchagua Nyakerario.

Alichapa vizuri jamani. Barua, kisha jedwali, kisha barua tena yenye majina tofauti. Kila herufi aliyogusa ilitokea kwenye skrini yake na kwenye skrini ya mkaguzi wakati ule ule, na mkaguzi alikuwa akitikisa kichwa taratibu na kuandika. Nilimtupia tata jicho. Alikuwa ameegemea mbele, mdomo wazi kidogo, na kwa mara ya kwanza nilimwona anaitazama ile televisheni yake isiyo na habari kwa heshima. Nilitaka kulia kwa furaha, kweli.

Dakika ya arobaini hivi nikasikia harufu. Mtoto wa fundi anaijua harufu hiyo. Kabla sijainuka kukalia pah! kama chupa iliyopasuka, moshi ukatoka nyuma ya mashine, na skrini zote mbili zikawa nyeusi. Nyakerario alibaki na vidole juu ya herufi. Nikachomoa waya ukutani. Mkaguzi akafungua dirisha mwenyewe.

Ndipo wasichana wote wakamgeukia tata. Waliotoka Suneka wakaanza, "Si huyu ndiye Fundi Anyona? Mzee, tusaidie!" Akainuka, akaja, akainama. Nilikuwa nimeshaitoa ile pawa saplai na kuiweka mezani. Akaitazama. Akatazama ule wino mwekundu, akatazama skrubu, na mkono wake uliokuwa umeshanyooka akaurudisha.

"Hii haifunguliwi," alisema. "Imekufa. Iacheni."

Tata, ambaye alifungua kila kitu! Aliyewahi kufungua saa ya mchungaji katikati ya ibada! Nikafikiri ameona haya mbele ya mgeni. Nikamwambia, "Tata, fungua tuone, labda ni fyuzi." Akasema tena iacheni. Nikachomoa bisibisi mfukoni mwake nikafungua mwenyewe.

Kifuniko kilitoka, na ndani, kando ya vidude vilivyoungua, mbele kabisa ya feni, kulikuwa na kitu kimevikwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Nikakivuta, hakikutoka, kilikuwa kimefungwa kwa uzi kwenye matundu ya chuma. Nikavua ule mpira. Lilikuwa jiwe la Tabaka, lile laini la waridi wanalochongea sahani na sanamu za viboko za kuuzia watalii. Limekatwa kwa msumeno likaenea sawasawa na nafasi iliyokuwepo.

"Mwalimu, ni jiwe!" msichana mmoja akasema, na wawili watatu wakaangua kicheko cha woga.

Mimi sikuwa nikilitazama jiwe tena. Nilikuwa nikitazama uzi. Ulikuwa uzi wa mshale wa redio, umepakwa nta ya mshumaa. Mizunguko miwili, mkia umerudishwa chini ya mzunguko wa kwanza, ncha imetafunwa kwa meno. Nikainua macho. Tata alikuwa anatazama sakafu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mimi mwenyewe nilikuwa nimewapa wasichana msemo huo wauchape wiki iliyotangulia.

Ningemwaibisha mzazi mbele ya watoto? Nikakata uzi, nikatia jiwe kwenye mkoba wangu. Bwana Okemwa akanivuta kando. "Madamu, pole sana," alisema. "Huyo msichana ni hodari, na wewe ni mwalimu. Lakini siwezi kuandika kwamba kuna kituo hapa, wakati mashine ni moja na imekufa mbele yangu." Hakuwa na kosa. Nilimsindikiza mpaka chini. Niliporudi, tata alikuwa ameshaondoka bila kuaga.

Jioni ile ile nilishuka kwa Haresh nikiwa na mabaki. Nilitarajia wanicheke, na ningewaelewa. Hakuna aliyecheka. Kusum aliweka miwani, akapekua kwa ncha ya kalamu, akanionyesha. Ndani mlikuwa na vitu hafifu ambavyo visingelisha hata kadi moja na nusu, na jiwe lilikuwa limeziba upepo wa feni, kwa hiyo kilichokuwa kife baada ya wiki kilikufa kwa saa moja. Kadi zote mbili zilikuwa zimeungua, na ubao mkubwa wa mashine pia. "Pole, mwalimu," akasema, akanifungia mabaki kwenye gazeti. Afadhali angenitukana.

Wasichana sita walikwenda Kisumu kufanya mtihani. Saba wengine wakatawanyika, mmoja kwenye duka la nguo, mmoja akaolewa, wengine sijui. Nyakerario alikuja siku moja kuchukua daftari lake, mtoto mgongoni. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia pole, akaniwahi. Yeye ndiye aliyenifariji, ati, "Hata hivyo mwalimu, nilikuwa nimeshajua kuandika barua." Alinipa mkono. Tayari ncha za vidole zilikuwa zimekuwa nyeusi kwa utomvu wa majani ya chai. Nilifunga mlango nikalia kama mtoto, na hasira ilikuwa kubwa kuliko huzuni, sitadanganya.

Wiki tano nzima sikukanyaga Suneka. Nilisubiri mpaka asubuhi ya kwanza ya mtihani, siku ambayo chumba changu kingekuwa kimejaa, ndipo nikachukua ule mkoba nikaenda. Tata alikuwa benchini. Chini ya benchi kulikuwa na gunia lililofunika katoni, na pembe ya katoni moja ilikuwa imeandikwa kwa wino mwekundu. Hakujisumbua kuificha.

"Umefika," alisema.

"Nimefika, tata." Nikaweka jiwe mbele yake. "Nimekuletea kitu chako."

Hakukana, na hilo nalo nitamwachia. "Nyangate alikuja hapa," akasema, "akaniambia, mzee, watu wako wanazikataa hizi kwa sababu ni nyepesi. Wewe ndiye uliyewafundisha hivyo, sasa nitauza nini? Nikafikiri, ni kweli, mimi ndiye. Na jiwe halili umeme. Jiwe halimdhuru mtu. Wanataka uzito, nikawapa uzito."

"Na waliokuja kukuuliza wanunue ipi? Uliwaambiaje?"

"Niliwaambia wapime kwa mkono."

"Wangapi, tata?"

"Sikuhesabu."

Kulikuwa na redio moja tu benchini, imefunguliwa, imejaa vumbi. Ilikuwa pale pale tangu Krismasi. Nilitaka kumwambia kuhusu Nyakerario, kuhusu vile vidole, lakini niliona kwamba angesikitika, angesikitika kweli kweli, na sikutaka masikitiko yake. Nilikuwa na swali moja tu, nililala nalo wiki tano.

"Kama ungejua kwamba hii itanunuliwa na mimi," nikamuuliza, "ungefunga hili jiwe?"

Alilichukua, akaliweka kiganjani. Sidhani hata alijua anachofanya. Akalipandisha na kulishusha, mara mbili.

"Ningejua ni wewe, Tryphosa," akasema, "ningekutuma kwa Muhindi."